Vibao vya trimu kwenye boti ya pangaboi

Boti ya pangaboi, ile ya vinamasi vya Florida yenye feni kubwa nyuma ya dereva, husukumwa kutoka juu, si kutoka majini. Ukifungua mafuta, msukumo huo wenyewe unakandamiza omo, yaani sehemu ya mbele ya boti. Vibao vya trimu, vile vya nyuma ya boti vinavyopandishwa na kushushwa, navyo vikishushwa huinua nyuma na kukandamiza omo. Ndiyo maana vibao vikubwa vinavyofaa boti nyingine hapa ni balaa. Kwa bodi ya mita 5, anza na kibao cha upana wa sentimita 30 na sentimita 20 kutoka bawaba hadi ukingo wa nyuma, kila upande, alumini ya daraja la 5052, unene wa milimita 5.

Kwanza chomoa nyaya za plagi za injini. Kutoa betri pekee hakutoshi kama boti inatumia injini ya ndege: magneto, kifaa chake cha cheche, inajizalishia umeme, na ukizungusha feni kwa mkono injini inaweza kuwaka.

Bawaba ifungwe tezi, yaani nyuma ya boti, milimita 10 juu ya usawa wa chini ya bodi. Weka rula ndefu chini ya bodi, kisha pandisha kibao hadi mwisho. Ukingo wake wa nyuma lazima ubaki juu ya rula. Boti hii hupanda nyasi na matope makavu, kwa hiyo kibao kinachoning'inia kitapindwa na kisiki cha kwanza. Bolti ziwe za stenlesi, zipakwe silanti ya poliyurethani, la sivyo maji ya chumvi yataila alumini kuzunguka kila tundu. Ndani ya bodi tumia nati zenye pete ya nailoni zisizolegea, na nyaya za vibao zibanwe kila sentimita 15. Chochote kinacholegea mbele ya pangaboi kinaweza kuvutwa na kuvunja panga.

Majini, anza vibao vikiwa juu. Shusha nusu sentimita kwa wakati, ukipima kwenye ukingo wa nyuma. Sentimita moja ni kama nyuzi 3, na mara nyingi inatosha kukomesha omo kudundadunda. Boti ikilalia upande mmoja kwa sababu ya mzunguko wa feni, shusha kibao cha upande uliozama, si cha upande wa pili. Kitavuta kidogo upande huohuo. Rekebisha kwa usukani.

Kosa baya zaidi ni kuachia mafuta ghafla vibao vikiwa chini. Omo inaweza kuchimba majini na maji yakamwagika ndani. Pandisha vibao kwanza, ndipo upunguze mwendo. Na vivyo hivyo kabla ya kupanda nyasi.