Kuichambua namba 58,954,566 kwa kalamu na kikokotoo

Andika urefu wa Kilimanjaro, mita 5,895, na mbele yake ule wa Meru, mita 4,566, bila kuacha nafasi. Namba inayopatikana, 58,954,566, inafaa sana kwa darasa la Moshi au Arusha, maana vigawo vyake tasa vyote vinapatikana kwa kikokotoo cha kawaida cha tarakimu nane.

Inaishia na 6, kwa hiyo ni shufwa: gawanya kwa 2, upate 29,477,283. Jumla ya tarakimu zake ni 42, basi 3 inaigawa, 9 haiigawi. Inabaki 9,825,761. Kwa 5 haigawanyiki. Kwa 7 inaacha baki 1.

Kwa 11, anzia kulia, utoe na kujumlisha kwa zamu: 1−6+7−5+2−8+9=0. Ukipata sifuri au kigawe cha 11, imekubali. Kosa la hapa ni kuruka tarakimu moja, na alama zote zinazofuata zikageuka. Gawanya: 893,251.

Sasa tafuta kikomo. Kipeuo cha pili cha 893,251 ni 945 na ushee, na chini yake kuna namba tasa 160. Zinatisha, lakini 11 irudie, kisha jaribu 13, 17, 19: zote zinakataa. 23 inakubali, inabaki 38,837. Hapo simama ukokotoe kipeuo upya: 197 tu. Wanaochoka njiani ni wale wanaoendelea na kikomo cha zamani.

Baki inapatikana hivi: 38,837÷67 ni 579.65671. Ondoa 579, zidisha desimali kwa 67, utaona 43.99957. Hiyo ni 44. Kikokotoo kimekata desimali za mwisho. Usijaribu 25 wala 27, kwani 5 na 3 zilishajibu kwa niaba yao. Irudie 23, kisha 29 hadi 67: hakuna inayogawa. 71 inagawa, jibu 547.

Je, 547 ni tasa? Kipeuo chake ni 23 na ushee, na namba tasa zote hadi 23 zimeshajaribiwa. Ni tasa.

58,954,566 = 2×3×11×23×71×547. Zidisha tena kuhakiki.

Hakuna kigawo tasa kilichojirudia, na kila kimoja ama kimo ama hakimo. Hivyo idadi ya vigawo vyote ni 2×2×2×2×2×2, yaani 64. Kupata jumla yao, ongeza 1 kwa kila kigawo tasa, kisha zidisha: 3×4×12×24×72×548. Tano za kwanza zinatoa 248,832, ambayo, kwa uzuri wa ajabu, ni 12 kwa kipeo cha 5. Zidisho la mwisho lifanye kwa mkono, kwa kuwa 136,359,936 ina tarakimu tisa na kikokotoo kitaandika E. Ukitoa namba yenyewe inabaki 77,405,370: vigawo vyake vingine vikijumlishwa vinaizidi.