Somo: Soma namba ya chesisi kabla hujanunua spea ya injini

Niliwahi kununua kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) kwa ajili ya pikipiki isiyotumia kabureta. Mwenyewe alisema "ni TVS ya kawaida tu", nikaamini. Siku hizi nasoma namba kwanza.

1. Geuza usukani, futa grisi na vumbi kwenye shingo ya fremu. Utaona herufi na tarakimu 17. Piga picha uikuze, maana juani 8 hugeuka B.

2. Tatu za mwanzo zinamtaja mtengenezaji: MD2 ni Bajaj ya India, MD6 ni TVS.

3. Hesabu mpaka ya 10. Kwa hizo mbili, ndiyo mwaka: H ni 2017, J 2018, K 2019, L 2020, M 2021.

4. Hapa ndipo mafundi wengi tunapoteleza. India ilizibana pikipiki zote kwa kanuni ya moshi ya BS-IV (BS ni Bharat Stage, ngazi za viwango vya moshi vya India) tarehe 1 Aprili 2017, kisha BS-VI tarehe 1 Aprili 2020. Lakini hizo ni kanuni za soko lao la ndani. Boxer iliyoundwa kuja kwetu inaweza kuwa na M na bado ikawa na kabureta ileile ya zamani. Kwa hiyo namba inakupa umri, mengine yatafute kwenye chombo chenyewe. Taa kubwa inawaka muda wote na haina swichi ya kuzimia? Hiyo ni dalili ya soko la India, 2017 kuja juu. Ukifungua swichi inawaka taa ndogo ya njano yenye picha ya injini, na kwenye ekzosi kuna sensa yenye waya? Usinunue kabureta ya kawaida! Mafuta yake yanadhibitiwa kielektroniki.

Maswali ya wanachama

— Yangu ni L. Ni BS ngapi?
L ndiyo yenye utata, Aprili imeukata mwaka huo vipande viwili. Angalia ekzosi.

— Naona herufi O katikati ya namba.
Ni sifuri, mkuu. I, O na Q hazitumiki kabisa.

— Chesisi inasomana na kadi, namba ya injini haisomani.
Huenda injini imebadilishwa. Spea za injini nunua kwa kufuata injini iliyomo, na usilipie pikipiki hiyo mpaka muuzaji arekebishe kadi.

— Fundi kang'oa ile sensa, taa ya njano haizimi.
Mwambie airudishe.