Kuanza Kujifunza Astronomia kwa Kuufuatilia Mwezi

Katika shule nyingi za sekondari nchini Tanzania, astronomia hufundishwa ndani ya fizikia ya kidato cha nne, mitihani ikiwa imeshakaribia, na matokeo yake wanafunzi wengi hukariri majina ya sayari bila kuwahi kutoka nje kuzitazama. Ninashauri uanze mapema, na uanze na Mwezi, kwa kuwa hauhitaji darubini na huonekana hata katikati ya jiji lenye taa nyingi.

Chagua miezi ya kiangazi, kama Juni hadi Septemba, mawingu yanapopungua. Mwezi ukishaandama, simama mahali palepale kila siku saa moja usiku, uchore umbo lake na uandike ulipo. Ili kupima, nyoosha mkono na ukunje ngumi: upana wa ngumi hiyo ni takriban nyuzi 10 za anga. Kila siku Mwezi utakuwa umesogea mashariki kwa nyuzi 13 hivi, yaani ngumi moja na ziada kidogo, hata baada ya wiki moja uwe karibu na utosi, na baada ya wiki mbili uwe unachomoza ukiwa mpevu wakati Jua linazama. Vitabu vingi huuchora mwezi mchanga ukiwa umesimama, kama uonekanavyo Ulaya, ilhali kwetu karibu na Ikweta hulala kama dau, kwa sababu Jua lililokwisha kuzama liko chini yake. Chora unachokiona wewe.

Kosa linalorudiwa sana ni kudhani kwamba kivuli cha Dunia ndicho kinachoukata Mwezi kila mwezi. Ili kuliondoa, washa taa moja katika chumba chenye giza, shika chungwa mbele yako kwa mkono ulionyooka, juu kidogo ya kichwa, kisha ugeuke polepole kuelekea kushoto. Nusu ya chungwa inayoelekea taa huwa na mwanga wakati wote. Kinachobadilika ni sehemu ya nusu hiyo unayoiona. Sasa ipe taa mgongo na ulishushe chungwa mpaka kivuli cha kichwa chako kilifunike: huko ndiko kupatwa kwa Mwezi, na hakutokei kila mwezi kwa kuwa njia ya Mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi ikilinganishwa na njia ya Dunia kulizunguka Jua.

Anayeishi pwani aongeze safu ya maji katika daftari lake. Wavuvi wanajua kwamba bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo, huja unapokuwa nusu. Sababu ni kwamba katika nyakati zile mbili za kwanza mvutano wa Jua na wa Mwezi huungana katika mstari mmoja, na katika nusu hupingana.

Mzunguko ukitimia, baada ya siku 29 na nusu, ingia kwenye sayari. Tafuta Mshtarii (Jupiter) kwa darubini ndogo ya macho mawili uliyoiegemeza ukutani ili isitikisike, uchore miezi yake minne ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, kisha urudie usiku unaofuata ulinganishe nafasi zake. Darubini hiyo usiielekeze kwenye Jua kamwe, kwani hupofusha mara moja.