Namna ya Kutengeneza Slaimu Inayovutika
Slaimu ni kitu laini cha kuchezea kinachovutika. Changanya mililita 120 za gundi nyeupe ya shuleni na maji ya kiasi hichohicho. Katika chombo kingine, yeyusha kijiko kimoja cha chai cha boraksi (unga mweupe wa madini unaotumika kufulia) ndani ya mililita 240 za maji ya uvuguvugu. Hatua inayofuata ndiyo inayohitaji subira: boraksi huunganisha minyororo mirefu ya molekuli za gundi, hivyo ukimimina maji hayo yote kwa pamoja, slaimu hukakamaa na kukatika badala ya kuvutika. Kwa hiyo yatie kwenye gundi kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga, na uache mara tu slaimu inapobanduka kwenye bakuli. Ikande kwa dakika chache mpaka isinate mikononi. Ikiwa ngumu, losheni kidogo huilainisha. Boraksi haifai kumezwa, kwa hiyo mtu mzima ndiye aipime, na watoto wanawe mikono baada ya kucheza.