Ukienda kutazama sumo Tokyo, fika asubuhi

Mara ya kwanza niliingia Kokugikan, ukumbi wa sumo, yaani mieleka ya Kijapani, saa tisa alasiri nikijiona nimewahi, kwa sababu mabingwa hupigana jioni. Kumbe nilikuwa nimekosa sehemu ninayoipenda leo kuliko zote. Safari ya pili nilikuwa kitini saa tatu asubuhi.

Tarehe kwanza. Mashindano makubwa ni sita kwa mwaka, kila moja siku 15. Ya Tokyo ni Januari, Mei na Septemba. Machi ni Osaka, Julai Nagoya, Novemba Fukuoka. Tiketi hutoka kama mwezi mmoja kabla, na za wikiendi huisha upesi. Chukua kiti cha ghorofa ya juu. Vile vizimba vya chini vya kukalia mito ni vya watu wanne waliobanana, viatu mmevua, na mwenye miguu mirefu hapati raha.

Shuka kituo cha Ryogoku, fuata bendera ndefu zenye majina ya wanamieleka. Asubuhi viti ni vitupu. Vijana wa madaraja ya chini, mikanda myeusi ya pamba, bila mshahara, wanainama na kuvaana papo hapo. Ukumbi ukiwa kimya hivyo, unasikia miili ikigongana. Hapo ndipo jicho linapojifunza: anayekanyaga nje ya duara ameshindwa, na anayegusa udongo kwa kitu chochote zaidi ya nyayo ameshindwa. Hawapangwi kwa uzito. Nilimwona kijana mwembamba akimkwepa jitu, jitu likapitiliza hadi chini ya ulingo, nikajikuta nimesimama napiga makofi.

Mchana nunua mishikaki ya kuku, inachomwa chini ya jengo hilohilo. Ndugu zangu Waislamu, mchuzi wa mishikaki ya namna hiyo Japani kwa kawaida hutiwa pombe ya mchele.

Kuanzia saa nane mchana na kitu wanaingia wenye mishahara, mikanda ya hariri ya rangi. Sasa chumvi inarushwa, wanatazamana, wanarudi pembeni, wanarusha tena. Daraja la juu wana dakika nne za kujiandaa kwa pambano la sekunde chache. Usitazame simu, kelele za watu hupanda kila wanapoinama, na humo ndimo utamu ulimo. Bendera zikizungushwa ulingoni, kila moja ni fedha ya mdhamini kwa mshindi.

Karibu saa kumi na mbili jioni pambano la mwisho likiisha, wengi hukimbilia treni. Wewe kaa. Mwanamieleka mmoja hupanda na upinde mrefu, akauzungusha kwa niaba ya washindi. Kisha toka taratibu, usikilize ngoma inayopigwa juu ya mnara hapo nje.