Baada ya nyanya usipande viazi mviringo

Mkulima anavuna nyanya zilizonyauka nusu shamba, anashauriwa abadilishe zao, na msimu unaofuata anapanda viazi mviringo, au bilinganya, au hoho. Anaamini amebadilisha. Kwa vimelea vya mnyauko bakteria vilivyobaki kwenye udongo huo, chakula ni kilekile.

Kosa hili linaanzia kwenye majina. Majina yetu ya sokoni hufuata umbo, ladha na matumizi, ndiyo maana viazi mviringo, viazi vitamu na viazi vikuu vyote tunaviita viazi. Wataalamu wa mimea hutazama ua, tunda na mbegu, na siku hizi vinasaba, kisha kila mmea hupewa jina la maneno mawili kwa utaratibu uliowekwa na Carl Linnaeus wa Sweden mwaka 1753. Neno la kwanza ni jenasi, yaani kundi la mimea inayokaribiana sana, la pili linabainisha spishi, yaani aina yenyewe. Nyanya ni Solanum lycopersicum. Kiazi mviringo ni Solanum tuberosum, bilinganya Solanum melongena, nyanya chungu Solanum aethiopicum. Huhitaji kujua Kilatini. Lile neno la kwanza linatosha kukushtua. Kiazi kitamu ni Ipomoea batatas, hana undugu wa karibu na hao. (Ukikuta kitabu cha zamani kinaiita nyanya Lycopersicon esculentum, ni nyanya hiyohiyo.)

Jenasi zinazokaribiana huwekwa katika ukoo mmoja. Ukoo wa nyanya, Solanaceae, una pia hoho, pilipili kali na tumbaku. Pilipili manga haimo, ingawa tunaiita pilipili. Ukiwa na shaka, chuma ua la nyanya, la kiazi mviringo na la bilinganya uyaweke kiganjani: petali zimeungana chini na kuchanua kama nyota, na katikati stameni (sehemu dume za ua) za njano zimesimama pamoja. Undugu unauona kwa macho.

Ndugu hawa huambukizana magonjwa. Ralstonia solanacearum, bakteria wa mnyauko, huishi kwenye udongo na kuingia kupitia mizizi. Kumtambua ni rahisi: kata shina la mche ulionyauka ukiwa bado kijani, litumbukize ncha yake kwenye glasi ya maji safi, na subiri dakika chache. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, ndiye. Hakuna dawa ya kupulizia itakayookoa mche huo. Ung'oe na uutoe shambani. Bakajani chelewa, ugonjwa unaokausha majani, nao hupita kati ya nyanya na viazi mviringo, na kantangaze, kiwavi wa nondo anayetoboa majani na matunda, ingawa hupenda nyanya zaidi, hula viazi na bilinganya pia.

Kwa hiyo kaa angalau miaka 3 bila mmea wowote wa ukoo huu. Panda mahindi, vitunguu au kabichi. Palilia mnavu na ndulele kwa bidii ileile, maana nazo ni Solanum, na ng'oa maotea ya viazi yanayochipua katikati ya mahindi. Kichaka kimoja kinaweza kuutunza ugonjwa hadi urudi na nyanya. Kwenye shamba lenye mnyauko epuka pia tangawizi na karanga: ni za koo nyingine, lakini bakteria huyu huzishambulia.

Katika daftari la shamba, andika kila kipande kilipandwa nini na cha ukoo gani, kabla hujanunua mbegu za msimu ujao.