Kishale Kinaporukaruka: Namna ya Kutafuta Kasoro ya Tachipadi Hatua kwa Hatua

Malalamiko kuhusu tachipadi ya laptopu huwa ya namna tatu: kishale kinahama chenyewe katikati ya sentensi unayoandika, kinatetemeka hata kidole kikiwa kimetulia, au hakisogei kabisa. Wengi hukimbilia kupakua kiendeshi kipya (programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuwasiliana na kifaa, yaani driver), ilhali kiendeshi kinapaswa kuwa karibu na mwisho wa orodha ya washukiwa. Utaratibu huu ndio ninaoufuata kila ninapoletewa laptopu yenye tatizo hilo, na hatua za mwanzo zimewekwa mwanzo kwa sababu hazigharimu wala haziharibu chochote.

Hatua ya 1: Chomeka kipanya. Kiwe cha waya. Kisichotumia waya huleta maswali yake kuhusu betri na mawimbi, na hapa tunataka kupunguza maswali.

Hatua ya 2: Hakikisha kwamba mkosaji ni tachipadi. Kama haifanyi kazi kabisa, tafuta kwenye safu ya juu ya kibodi kitufe chenye mchoro mdogo wa tachipadi, kisha ukibonyeze, peke yake au pamoja na Fn, kwa kuwa mara nyingi huwa imezimwa kwa bahati mbaya. Kama tatizo ni kishale kurukaruka, fanya kinyume chake: izime kwa makusudi na ufanye kazi kwa kipanya kwa muda. Kishale kikiendelea kuruka, tachipadi haina hatia. Mshukiwa atakuwa skrini ya mguso inayosajili miguso isiyokuwepo, au kile kijiti kidogo kilichopo kati ya herufi G, H na B katika baadhi ya laptopu, ambacho wakati mwingine husukuma kishale upande mmoja hadi ukiache bila kukigusa kwa sekunde chache.

Hatua ya 3: Chomoa chaja. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo hula saa nyingi za watu wanaosakinisha na kufuta viendeshi bila mafanikio. Chini ya uso wa tachipadi kuna wavu wa nyaya nyembamba za umeme. Kidole kinapokaribia hubadilisha kidogo uga wa umeme wa mahali hapo, na chipu hukadiria kidole kilipo kutokana na badiliko hilo. Chaja mbovu, chaja isiyo halisi, au chaja iliyochomekwa pasipo waya wa ethi (waya unaopeleka umeme usiotakiwa ardhini) inaweza kuingiza kelele za umeme katika mfumo huo, na chipu ikashindwa kutofautisha kelele hizo na kidole chako.

Jaribio lake ni rahisi. Fungua programu yoyote ya kuchora na, chaja ikiwa imechomekwa, chora polepole mstari wa mshazari kwa kutumia tachipadi, kisha chomoa chaja na uchore mwingine kando yake. Ukiona mstari wa kwanza una meno kama ya msumeno na wa pili umenyooka, kasoro iko upande wa umeme, na hakuna kiendeshi kitakachoiondoa. Hata hivyo, usihukumu haraka. Laptopu inapotumia betri hubadilisha pia mipangilio yake ya kuokoa nishati, hivyo tofauti hiyo inaweza kuwa imetokana na mipangilio. Rudia jaribio kwa chaja nyingine yenye volti na kiwango cha umeme kinachotakiwa na mashine hiyo. Jaribu pia soketi ya ukutani moja kwa moja, bila waya wa kuongezea, maana pengine chaja ni nzima na waya huo ndio usio na ethi. Tena, kama chaja ina plagi ya pini tatu, usiipitishe kwenye adapta ya pini mbili, kwani kwa kufanya hivyo unakata ethi kwa mkono wako mwenyewe. Mstari ukiwa na meno katika hali zote, chaja imeondoka kwenye orodha.

Hatua ya 4: Kagua betri kwa macho. Katika laptopu nyingi betri hukaa chini ya tachipadi. Weka mashine juu ya meza iliyo sawa: ikiyumba, mfuniko usipofunga vizuri, au tachipadi ikiwa imeinuka ukingoni na kuwa ngumu kubofya, yaelekea betri imevimba. Zima mashine, usiichaji, usiibonyeze irudi mahali pake wala usiitoboe, na umpelekee fundi. Usiendelee na hatua zilizobaki.

Hatua ya 5: Safisha. Zima mashine, kisha tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo na ukaushe. Hakikisha vidole vyako navyo ni vikavu.

Hatua ya 6: Rekebisha mipangilio. Kishale kikiruka pale tu unapoandika, kwa kawaida ni kiganja kinachogusa tachipadi. Katika Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na I, andika touchpad kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha ushushe kiwango cha wepesi wa kuhisi hadi cha chini. Katika Linux, washa chaguo la kuzima tachipadi wakati wa kuandika. Binafsi huzima pia kubofya kwa kugusa, na hushauri kila mtu afanye hivyo, kwa sababu mguso mmoja wa kiganja hautahamisha tena maandishi yako.

Hatua ya 7: Sasa gusa kiendeshi. Bonyeza Windows pamoja na X, kisha M, ili kufungua orodha ya vifaa vya kompyuta (Device Manager). Kama tatizo lilianza baada ya Windows kujisasisha, fungua sifa za tachipadi na uchague kurejesha kiendeshi cha awali. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, hakuna toleo la awali lililohifadhiwa. Kama tachipadi haionekani kabisa baada ya kusakinisha Windows upya, anza na viendeshi vya chipseti (chipu za ubao mkuu zinazounganisha sehemu za mashine), kwa kuwa tachipadi nyingi za sasa huwasiliana na mashine kupitia njia iitwayo I2C, na njia hiyo isipotambuliwa, tachipadi nayo haitaonekana. Pakua kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, kwa kufuata namba kamili ya modeli. Programu zinazojinadi kuwa zitakutafutia viendeshi vyote kwa mbofyo mmoja sizitumii kamwe.

Hatua ya 8: Jaribu ndani ya BIOS, yaani programu ya msingi ya mashine inayofanya kazi kabla Windows haijawaka. Ikiwa BIOS ya mashine yako hukubali kishale na kinaruka hata humo, Windows haihusiki. Mwombe fundi akague utepe wa nyaya unaounganisha tachipadi na ubao mkuu kabla hujakubali kununua tachipadi mpya.